Msusi wa Wanaovua Mtandio Getini

Saa kumi na mbili asubuhi tramu ya kwanza haijapita, lakini saluni ya Zoulikha Benyahia hapa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, imeshajaa kelele. Muuguzi, karani wa manispaa na mhudumu wa chekechea wanagombea kiti kimoja.

"Nianze mimi, zamu yangu saa moja!" anasema Warda, muuguzi.

"Tulia wewe. Nywele zenyewe tatu, utakwisha sasa hivi," anajibu Zoulikha, na watu wanaangua kicheko.

Wote wamekuja na mitandio. Wakifika kazini wataivua getini, maana sheria hairuhusu mtumishi wa umma kuvaa vazi la dini. Zoulikha amewabunia msuko unaolala bapa, usiovurugwa na kitambaa. Wateja wameubatiza msuko wa getini. Bei yake euro kumi na mbili.

"Zamani hawa nilikuwa nawaona kukiwa na harusi tu," anasema mama huyu wa miaka 54. "Siku hizi kila wiki wako hapa. Sheria inaniudhi, halafu inanilisha! Sasa nimshukuru nani?"

Mwezi wa sita sheria hiyo ikabisha hodi nyumbani kwake. Binti yake, Ihsane, alifaulu mtihani wa ualimu wa shule za serikali, kazi aliyoililia tangu utotoni. Kesho yake akatangaza kwamba haendi.

"Mtandio siuvui, mama."

"Na kusoma kote kule?"

"Ndiyo basi tena."

Zoulikha hakumshurutisha, kichwa ni chake mwenyewe. Ila roho ilimuuma. Jioni moja, akimchana zile nywele zinazofika kiunoni, likamjia wazo: azikate, amshonee wigi.

"Wigi la nywele zangu, nifunikie kichwa changu?" Ihsane alishangaa.

"Ehe! Wanataka kuona nywele, si hizo hapo?"

Toba, saluni iligawanyika! Warda alishikilia kwamba kujifunika ni kujifunika, hata kwa wigi. Karani akasema hata sheikh akiulizwa hilo ataomba kwanza maji ya kunywa.

Ihsane alilifikiria wiki nzima, kisha akaja akakaa kitini. Aliyelia ni mama, mkasi mkononi. Kiangazi chote akawa anashona, wateja wakimtania kwamba ameajiriwa na serikali.

Leo shule zimefunguliwa. Saa sita mchana simu inaita, Zoulikha anaifungua sauti wote wasikie, na mashine za kukaushia nywele zinazimwa zote.

"Mama, mwalimu mkuu kanipokea mwenyewe. Kazisifu nywele zangu, kauliza kama ni zangu kweli."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, zangu kabisa, tangu nizaliwe."

Hapo hakuna aliyebaki kimya. Warda, aliyetoka zamu mapema makusudi asipitwe, anapiga vigelegele. Zoulikha anacheka mpaka anakaa sakafuni, kisha anafuta macho kwa aproni, na safari hii si kicheko tena.

"Andika hivi," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Siku wakiifuta sheria hii, nusu ya wateja watanikimbia. Na wakimbie! Siku hiyo nafunga duka. Namfunga mwanangu mtandio kwa mkono wangu huu, namsindikiza mpaka mlangoni pa darasa."