Nyufa zilizopotea mu kamera yangu

Kabla tufukuzwe mu mutaa wetu wa Musonoi, nilipiga picha za nyumba zetu ziwe ushahidi kwamba baruti ya mugodi ilipasua kuta. Picha ya RAW, isiyobanwa, ingeshika kila ufa, lakini inajaza kadi ya kamera upesi. Mi, mujanja, nikachagua JPEG ndogo kabisa, ile inabana picha.

Kwenye bureau ya fidia ya mugodi, karani akaangalia picha nilizomupa, akasema, «Miye sioni ufa.»

Nikajua tu: huyu amenunuliwa na mugodi, amezifuta nyufa! Nikamupigia kelele mbele ya majirani wote.

Jirani yangu Mama Kapinga akasema, «Fungula kamera yako, baba, tuone picha za kweli.»

Nikafungua kwa majivuno, nikakuza picha ya ukuta wake. Hakuna ufa: rangi tupu, kama uji.

«Haina neno,» karani akasema. «Rudia kupiga zingine.»

Mama Kapinga akaniangalia. Nyumba yake ilibomolewa asubuhi ile.