Motifu: Kutembea

Hema langu nililishona mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa fundi cherehani mmoja kule Shari, kazi ya kukaza vifungo na kufumua mishono iliyoharibika, na kwenye kona ya kibanda chake kulikuwa na miavuli mikubwa iliyovunjika mbavu, ile ya wauza mikate wa kando ya barabara. Vitambaa vyake vilikuwa bado vizima. Nilivikata, nikaviunga kwa mshono wa mara mbili, kisha nikapaka nta ya mshumaa juu ya mshono ili maji yasipite. Ikatoka nyumba ndogo ya rangi nne. Fundi aliizunguka mara mbili, akaniuliza ni ya sherehe gani.

Chini yake, mahali pa kulalia, niliweka kipande cha bashi. Bashi ni turubai ile nyeupe ya misaada. Bunia hakuna asiyeijua, maana watu wengi mno wa mkoa huu wamewahi kulala chini yake.

Nami nililala chini yake miaka miwili. Nilikuwa darasa la sita tulipotoka Djugu na mama yangu, kwa miguu, siku tatu, mimi nikiwa nimebeba sufuria kichwani. Tulipofika kambini Bunia, mwanamume mwenye daftari alituuliza majina, akayaandika, kisha pembeni yake akaongeza neno moja: deplase, yaani mtu aliyekimbia kwao. Neno hilo lilitupa maharagwe na sabuni, sitalitukana. Lakini halikutoka tena. Shuleni mwalimu alisema, "Watoto wa deplase, mstari huu," na mimi nikasimama kwenye mstari ule, nikauangalia mstari wa pili, nikaiacha yote miwili na kwenda zangu. Sikurudi. Kifaransa changu nilikipata kwenye vibao vya barabarani na kwenye magazeti waliyofungia samaki.

Tangu hapo sijakaa mahali nikazeeka. Nimewapikia wachimba dhahabu Mongbwalu, nimeuza sabuni Nia-Nia kwa madereva wa malori, nimelea watoto wa watu wengine. Nikishajua mahali panaishije, nani anachota maji wapi na kwa nini, miguu inaniwasha. Mama yangu anasema nilizaliwa na siafu kwenye nyayo.

Ziwa Albert nilikuwa nalijua kwa vipande. Ndivyo watu wa Bunia wanavyolijua. Unateremka kununua samaki, unapanda. Unateremka kukimbia vita, unapanda mtumbwi. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeteremka kwa sababu anataka kuona ukingo unaendeleaje baada ya pale macho yanapoishia. Nikaamua kuutembea, kutoka Mahagi-Port hadi Kasenyi, na sakado, mfuko wangu wa mgongoni, peke yangu. Kwa wiki kadhaa niliwauliza wauza samaki na madereva wapi pametulia, wapi hapajatulia. Msimu huo walisema pametulia. "Lakini unaenda kufanya nini?" waliuliza wote. Nikasema naenda kuona. Wakanitazama kama mtu aliyesema anakwenda kupima urefu wa mvua.

Siku tano za kwanza zilikuwa zangu kabisa. Kuna sehemu mlima unaingia ndani ya maji bila kuacha hata nafasi ya kukanyaga. Hapo nilipanda juu kwenye mashamba ya mihogo na kuteremka tena upande wa pili. Kuna sehemu mchanga ni mweusi na unachoma kupitia kandambili. Niliuliza kila kitu. Kwa nini maboya ya nyavu mengine ni ya chupa na mengine ya sapatu, kandambili kuukuu, zilizokatwa? Kwa nini maji ya hapa yana ladha ya chumvi kidogo? Jioni nilikuwa natafuta wanawake kabla ya kutafuta mahali pa hema, kwa sababu wanawake ndio wanaojua wapi pa kulala salama.

Siku ya tatu sikuwauliza, nikajiona nimeshajua. Nilikuta njia nzuri, pana, imesafishika, inashuka mpaka majini, nikapiga hema katikati yake. Mvuvi mzee aliyekuwa anapita alisimama akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, hii njia, unazani nani aliifanya?"

"Watu wa hapa."

"Hapana. Ni barabara ya kiboko! Jua ikizama atatoka kula. Akikuta nyumba ya rangi katikati ya barabara yake, atakuomba lisensi?"

Nilihamisha hema nikikimbia, vijiti mkononi.

Siku ya sita nilifika kwenye mwalo ambao sitautaja, wenye mitumbwi mingi, meza ndefu za kuanikia samaki wadogo, na ofisi moja ya mbao yenye barza mbele. Kupita mwalo ule ilikuwa lazima mgeni aandikwe na kupewa karatasi ya njia yenye muhuri. Mbele, niliambiwa, kulikuwa na kizuizi, na bila karatasi ile wanakurudisha. Kati yangu na Kasenyi zilibaki siku kama nne. Basi nikaweka sakado chini, nikaingia.

Karani alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu mbili mfukoni. Daftari lake lilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula: jina, unakotoka, unakokwenda, na mwisho, motifu, yaani sababu ya safari. Sehemu tatu za kwanza zilikwenda haraka.

"Motifu?"

"Kutembea."

Kalamu ikasimama. Alinitazama, akamtazama mvuvi aliyekuwa amekaa kwenye barza akingoja zamu yake, na tabasamu likaanza kumpanda.

"Kutembea na nani?"

Mvuvi akapasuka kicheko. Kwetu mwanamke anayetembea ni mwanamke wa wanaume wengi. Neno halina njia nyingine likishatoka kwenye mdomo wa mwanaume anayetaka kucheka. Nilikuwa nimeisikia dhihaka hiyo tangu Mahagi-Port, lakini vijiweni. Sasa ilikuwa mbele ya daftari.

"Na miguu yangu, shefu."

"Madame, sikia. Hapa tunaandika biashara. Tunaandika kilio, kama kuko mufu. Tunaandika ndoa, ugonjwa. Kutembea haiko motifu."

"Lakini ndiyo ninachofanya."

"Fungua ile sakado."

Nilifungua. Alitoa sufuria, kisu, kiberiti, unga, blanketi, akafika kwenye hema. Alilikunjua nusu, akaona kipande cheupe cha bashi, na uso wake ukatulia kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Aa! Kumbe weye iko deplase. Ungesema tangu mwanzo. Nitakuandika deplase, kesho kuko mutumbwi ya kwenda na watu ya kambi, utapanda bure."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililonikera zaidi, wema wake, na kalamu iliyokuwa tayari imegusa karatasi. Niliweka kiganja changu juu ya daftari.

"Usiandike."

"Mama, toa mukono."

"Niliandikwa hilo neno nikiwa mutoto, na wakati ule lilikuwa kweli. Leo si kweli. Leo hakuna aliyenifukuza. Andika kutembea, nitoe mkono."

Alifunga daftari kwa nguvu, vidole vyangu vikaponea chupuchupu. "Basi bila motifu hakuna karatasi. Bila karatasi hakuna kupita. Rudia kule ulitoka."

Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza samaki juu ya meza alinivuta mkono. Alikuwa amesikia yote. Mbao za ofisi ile hazizuii hata pumzi.

"Yaya, dada yangu, mbona unajitesa? Ambia ye kilio. Kila mutu iko na mufu wake. Ataandika, utapita."

Alisema kweli, na wafu ninao. Neno moja tu na ningekuwa barabarani kabla ya jua kuwa kali. Nilisimama pale nikilipima. Lakini nilijua kwamba nikiwatoa wafu wangu ili nipate muhuri, siku nne zilizobaki ningezitembea nikiwa mtu wa msiba, kila kizuizi nikipewa pole, nikishukuru kwa sauti ya chini. Na siku sita zilizopita zingebadilika pia, zingekuwa safari ya mtu mwingine. Nimeuza vitu vingi maishani. Hiki sikutaka kukiuza.

Nikapiga hema langu mbele ya ofisi.

Sikuziba mlango, niliacha nafasi ya mtu kupita na ndoo. Lakini lilikuwa pale, jekundu na njano na kijani na buluu, hatua tano kutoka kwenye barza ya karani, na kila aliyetoka majini aliliona kabla ya kuona kitu kingine. Karani alitoka akaniambia niliondoe. Nikamwambia, "Shefu, umesema siwezi kwenda mbele. Nyuma siendi. Basi niko hapa." Alitafuta kifungu cha sheria kichwani mwake, hakukipata, akarudi ndani.

Siku ya kwanza watu walikuja kuangalia. Wanawake wa samaki waligusa mishono, mmoja akaingia ndani akalala chali akitaka kujua kunakuwaje. "Kunanukia mushumaa!" alipiga kelele kutoka ndani. Niliwasaidia kugeuza samaki, wakanipa bugali na sombe, kisamvu chetu. Mchana nilimwuliza karani, kwa heshima, kama amepata motifu. Akasema bado. Nami nikasema bado.

Lakini neno nalo lilikuwa linafanya kazi yake. Asubuhi mwalo mzima ulijua kuna mwanamke aliyeandikisha kutembea. Kufikia jioni walisema anatembea na watu wa ofisi. Siku ya pili asubuhi walisema ameleta hata nyumba yake mpaka mlangoni. Sikulianzisha mimi. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nililizuia. Mtu aliponiuliza nangoja nini, nilijibu, "Namngoja shefu," na nikaendelea kugeuza samaki.

Siku hiyo ya pili, saa nne hivi, akaja mke wake. Alikuwa mama mnene, mwuza mafuta ya mawese, kitenge kimekazwa kifuani kwa ajili ya vita. Hakunitazama. Alipita kando ya hema, akapanda barza, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mitumbwi:

"Papa wa watoto! Inasemwa kuko mwanamuke anatembea hapa. Anatembea na nani?"

Kwenye meza mikono iliacha kugeuza samaki. Hata mvuvi yule wa kwanza, ambaye siku ile alicheka zaidi ya wote, aliinama akajifanya anatafuta sindano ya wavu.

"Mama, weye pia..." sauti ya karani ilitoka ndani. "Ni mupita njia. Anatembea tu."

"Anatembea tu?"

"Na miguu yake! Peke yake!"

"Uliandika vile?"

Ndani kiti kikalia.

"Nauliza, uliandika vile? Kama ni ile njo kweli, mbona haiko mu kitabu?"

Nilisimama kwenye mlango wa hema langu. Nilitaka kucheka. Nilisikia droo ikifunguliwa, kisha mlio wa muhuri, mara mbili, wa pili mzito kuliko wa kwanza. Karani akatoka, akanipa karatasi bila kunitazama machoni. Aliandika kwa herufi nzuri, lazima niseme, herufi za mtu aliyemaliza shule. Motifu: kutembea. Pembeni, kwenye mabano, na mstari chini yake: peke yake.

"Umefurahi sasa?" aliniuliza.

"Asante, shefu. Ndiyo hiyo."

Nilikunja hema. Mke wake alibaki amesimama, mikono kiunoni, akiangalia jinsi vijiti vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Hasira ilikuwa imemtoka na kitu kingine kimeingia mahali pake.

"Unalala mule, weye moja? Huogopi?"

"Naogopa. Nalala."

"Na bwana yako?"

"Sina."

"Mm," alisema, na sikujua kama ni pole au wivu. Kisha akaweka dumu lake la mafuta chini, kwenye barza ya mumewe, akanyoosha mkono. "Leta ile sakado. Nisikie uzito."

Nilimvalisha mikanda. Ilimbana kwenye mabega. Alipiga hatua tatu akielekea kusini, akasimama, akapiga nyingine. Wanawake wa samaki walianza kupiga vigelegele na matusi ya mapenzi. "Mama wa shefu, unaenda na motifu gani?" Mumewe alitoka mpaka kwenye ngazi akaita, "Mama wa watoto, unaenda wapi?" Yeye hakugeuka. Alinyanyua mkono mmoja juu, ukiwa na mafuta bado, akaupunga kama mtu anayefukuza inzi.

Tulitembea mpaka mwisho wa mwalo, tukapita meza za mwisho, tukafika mahali mchanga unapogeuka kuwa mawe. Alikuwa anahema, na alikuwa anauliza: ukivua viatu unaweka wapi, mvua ikinyesha unapikaje, baada ya ile kona kuna nini. Nilimwambia sijui kuna nini. Alizaliwa pale, alisema, na yeye pia hajui. Akienda Kasenyi anapanda mtumbwi, na mtumbwi unapita mbali.

"Basi nisindikize mpaka kwenye kona, uone."

Akatazama nyuma, ofisi imekuwa ndogo kama kiberiti. Akakaza kitenge. Tukaenda mpaka kwenye kona, tukaona: ghuba ndogo, miti miwili iliyokufa, ndege weupe, kisha kona nyingine. Alisimama akiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na mfukoni mwangu karatasi yenye muhuri ilikuwa inasema niko peke yangu.