Neno Moja la Kuita Mvua

Mke wangu alipofariki, kazi aliyokuwa akimfanyia mama yake ilikosa mtu. Mama mkwe hupima mvua kila asubuhi nyumbani kwake karibu na Isecheno, kando ya msitu, na mwisho wa mwezi hutuma jumla kwa watafiti wa msituni. Programu ya kujumlisha niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta ya Python. Kuiendesha ilikuwa kazi ya mke wangu, aliyeyajua kwa kichwa yale maneno marefu ya kuiita. Mama hakuyajua. Ripoti mbili zilishachelewa, na watafiti walisema ya tatu ikikosekana, kipimo atapewa jirani.

Kwetu mwanamume haketi karibu na mama mkwe, wala hampi mkono. Nilienda hivyo hivyo. Alitoa laptopu, akaiweka kwenye stuli barazani, akaingia ndani. Nilipomaliza kurekebisha programu nilisogea hadi banda la ng'ombe, naye akatoka kujaribu. Tulipokezana ile stuli kama wagonjwa wa kliniki. Mke wangu angetucheka mpaka akae chini. Mimi sikuhisi kitu. Siku zile nilikuwa nakula na kulala tu, basi.

Nilitaka mama aandike neno moja, mvua, na kazi ifanyike. Nilikuwa nimeongeza mstari kwenye faili la mradi, wa kuieleza kompyuta neno hilo liite sehemu gani ya programu. Aliandika, akanisomea kutoka barazani kwamba kompyuta hailijui. Akaingia ndani, nikarudi kwenye stuli. Kosa la kijinga: mstari niliuandika, lakini sikusakinisha programu upya, na bila hivyo neno halitengenezwi. Kusakinisha alikuwa akifanya marehemu. Nilisakinisha, nikarudi kwa ng'ombe.

Mama aliandika kwa kidole kimoja. Jumla za miezi miwili zikatokea, akazituma, akafunga laptopu. Alizungumza akitazama uani.

"Asante, mkwe. Alikuwa anasemanga wewe unamalizanga kazi. Sasa hakuna kitu ya kukusumbua kuja huku tena."

Alisema kwa heshima, na ilikuwa kweli. Hapo ndipo niliumia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitaka kumwambia kwamba programu huharibika, kwamba huenda akanihitaji mwezi ujao. Lakini nilikuwa nimeiandika vizuri.