Samaki wa Birika Halishwi

Bi Hadia alikuwa mtu wa kuendewa, si mtu wa kwenda. Ukitaka kumwona ulipanda ngazi za nyumba yake ya mawe, mtaa wa Mkomani, ukabisha hodi, ukasubiri. Na watu walipanda, kwa sababu birika lake lilikuwa na samaki waliosifika Lamu nzima.

Birika ni tangi la mawe na chokaa lililojengwa chooni, la maji ya kuogea. La Bi Hadia lilikuwa na visamaki vya kijivu visivyozidi urefu wa kidole, ambavyo kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa lilijengewa bakuli la Kichina, ili siku ya kusafisha, maji yakitolewa yote, samaki wapate pa kubaki. Kila bi harusi aliyehamia nyumba mpya, mama yake alikuja kwa Bi Hadia kuomba samaki wawili wa kuanzia. Aliwatoa kwa mkono wake, na pamoja nao akatoa wasia uleule aliourithi kwa mamake.

"Samaki wa birika halishwi," alisema. "Ukimpa tonge, mbu atamwatia nani?"

Miaka thelathini alisema hivyo, na hakuna aliyewahi kumpinga. Samaki akishiba hukaa tu, mbu wakazaliana, watu wakaugua. Bi Hadia aliamini kwamba hata binadamu wengi wangekuwa bora wangelishwa kidogo, na majina yao alikuwa nayo.

Lakini aliyemngoja zaidi ya wote hakuja kwa ajili ya samaki. Huyo alikuwa Esha, shoga yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma juzuu ya Amma. Wote wawili walikuwa wajane sasa, na Bi Hadia hakujaaliwa mtoto. Kila siku baada ya sala ya alasiri Esha alifika na kofia aliyokuwa akiishona, akakaa kwenye busati, wakazungumza mpaka karibu na magharibi. Saa zile mbili ndizo zilizokuwa siku ya Bi Hadia. Mengine yote, kupika, kufua, kuugomba mlango usiofungika, yalikuwa ni kupitisha wakati.

Uhuru ulikuwa umeingia mwaka wa pili pale Rufus, karani wa serikali kutoka bara, alipopanga nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Hadia, yeye na mkewe Nerea. Mtu huyu alikuwa na kitabu chake na mawazo yake. Alimwendea mhunzi akatengenezewa fremu ya chuma, akaitia vioo vya dirisha pande nne, akaziba pembe kwa lami, akaijaza maji ya bahari. Humo akatia kitatange wawili, chewa mmoja mchanga, na kamba watatu wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, aliowaokota kwenye miamba ya Manda maji yalipokupwa. Kila asubuhi alikwenda ufukweni na ndoo mbili kuyabadilisha maji, na kila asubuhi Nerea aliwakatia samaki vipande vya dagaa.

Bi Hadia aliposikia alicheka. Samaki sebuleni, tena wanaandaliwa chakula! Akasema watu wa bara wana mengi. Alidhani kicheko kile kitamaliza habari.

Hakikumaliza. Wanawake wa mtaa walikwenda kutazama, wakarudi wanasimulia: yule chewa husimama katikati ya maji, akafungua kinywa, na kamba akaingia ndani akamsafisha meno, akatoka mzima. Kamba ndani ya kinywa cha chewa! Waliokwenda mara moja walikwenda tena. Kipya kinyemi, Bi Hadia aliwaambia, na wao wakaitikia vizuri kwa adabu, kisha wakaenda mara ya tatu.

Hayo angeyavumilia. Ila siku moja Esha alichelewa. Alifika alasiri imekwisha kupinda, uso umemchangamka, akasema alipita kwa Nerea "kidogo tu". Alisimulia habari za kamba mpaka jua likatua, na alipofika pale pa chewa kufungua kinywa alicheka hadi machozi. Bi Hadia alimtazama. Hakukumbuka lini Esha alicheka hivyo kwenye busati lake. Akajua jina la ugonjwa wake palepale, kwani hakuwa mjinga: alikuwa akimwonea gere mwanamke aliyeweza kuwa binti yake, kwa ajili ya wadudu watatu wa baharini.

Toka siku hiyo akawa mwenye hesabu mbaya. Jumatatu Esha amechelewa, Jumanne amekuja mapema lakini kaondoka mapema, Alhamisi hakuja kabisa, alikuwa akimfundisha Nerea kupika mkate wa sinia. Bi Hadia alimmiminia kahawa nusu kikombe na kusema imebaki hiyo, ilhali buli limejaa.

Mvua zilianza, na mwezi ambao watu wa bara huenda kwao kwa likizo ulikuwa karibu, lakini Nerea hakungoja likizo. Simu ya upepo ilifika kwamba mamake amefariki. Yeye na Rufus walikuwa wavuke kwenda Mokowe kesho yake kushika basi, na wasingerudi kabla ya siku kumi na mbili. Nani angeangalia samaki? Esha ndiye aliyejibu. Alisema Lamu hii hakuna anayejua samaki kumshinda Hadia.

Basi Nerea alikuja, macho yamevimba, akapanda ngazi. Alieleza mara tatu. Maji, ndoo mbili kila asubuhi. Hamdun mchukuzi wa maji ameshaambiwa atazileta kutoka baharini. Na chakula kila siku, Bi Hadia, tafadhali, kila siku, kwa sababu chewa akishiba hamgusi kamba, lakini akiwa na njaa yeye ni chewa tu. Bi Hadia alimpa pole ya msiba, na pole ile ilikuwa ya kweli. Akamwambia aende na amani.

Siku ya kwanza alikata dagaa vizuri, vipande vidogo, akasimama mbele ya kioo na sahani mkononi. Chewa alifungua kinywa. Kamba akaingia, ndevu zake nyeupe zikabaki nje zikicheza. Ilikuwa nzuri kuliko alivyosimuliwa, na hilo ndilo lililomuudhi. Aliona ni hiki Esha alichokichekea. Akairudisha sahani jikoni, akampa paka.

Samaki halishwi, alijiambia akishuka ngazi. Watazoea, kama wangu walivyozoea. Na maneno yale, ambayo maisha yake yote yalikuwa kweli, safari hii aliyasema kwa sauti ya mtu anayejitetea, ingawa ngazini hapakuwa na mtu.

Maji aliyabadilisha bila kukosa. Hakuna ambaye angemtia ila kwa upande wa maji. Siku ya tano kamba walikuwa wawili. Siku ya saba alikuwa mmoja, amejibana nyuma ya jiwe, na chewa amesimama mbele ya jiwe hilo. Siku ya nane palikuwa na jiwe tu na mguu mmoja mwekundu unaoelea. Bi Hadia alifurahi. Hakuna haja ya kumsitiri: alifurahi hasa, furaha iliyompanda mpaka kooni. Kisha ikashuka, na mahali pake pakaja kitu kingine kilichomfanya aketi kwenye kiti cha watu, katika nyumba ya watu waliokwenda kuzika. Kuanzia siku ya tisa aliwalisha samaki mara mbili kwa siku. Chewa alinenepa.

Nerea alirudi amenyoa nywele kwa msiba. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, na Bi Hadia na Esha wamesimama nyuma yake. Kabla Bi Hadia hajafungua kinywa, Esha alimtetea. Alisema kwetu sisi samaki halishwi, ni desturi, tangu mama zetu. Hadia alifanya alivyofunzwa. Nerea akageuka, akamshika Bi Hadia mkono.

"Bi Hadia, usijali," alisema. "Mimi ndiye sikukueleza vizuri. Akili zangu hazikuwepo siku ile."

Bi Hadia alinyamaza, na kimya chake kikapokewa kuwa haya.

Alasiri ile Esha alifika mapema. Alikaa kwenye busati mahali pake, akatoa kofia yake, na buli likawa limejaa kweli. Hicho ndicho Bi Hadia alichokuwa amekitaka miezi yote ile. Kikombe cha kwanza alikiweka chini hajakinywa.

"Alinambia," alisema. "Mara tatu alinambia. Nlikuwa nayua."

Sindano ya Esha ilisimama. Hakuuliza alikuwa anajua nini.

"Kwa sababu ya mimi kwenda kule?"

"Ee. Nlikuwa na wivu nawe."

Esha alishona mishono miwili mitatu, mibovu, akaifumua. Kisha alizungumza polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alimkumbusha homa iliyomlaza yeye Esha mwezi wa Rajabu, siku tisa. Nerea, mgeni asiyejua ndia za mji, aliuliza njia mpaka akafika kwake, akamkanda kwa maji, akarudi kesho yake, na kesho kutwa.

"Nlikuletea chakula," alisema Bi Hadia. "Kila siku nlituma."

"Chakula kilifika," alisema Esha. "Wewe hukufika. Nimehamia mtaa wa Langoni mwaka wa tatu huu, Hadia, na huuyui mlango wangu."

Aliikunja kofia yake, akasema Hadia atakwenda mwenyewe kwa Nerea kuyasema hayo, yeye hatamsindikiza. Akashuka. Magharibi ilikuwa bado mbali.

Asubuhi Bi Hadia alikwenda kwa Nerea akasema yote, amesimama. Nerea alilia kidogo, kwa kamba au kwa mamake, haikujulikana. Hakumfukuza, wala hakumpikia chai. Alisema amesikia.

Alasiri ikaadhiniwa. Bi Hadia alisali, akatandika busati, akachemsha kahawa, akakaa. Watu walipita kichochoroni na sauti zao, wala hapakuwa na hatua ngazini. Kahawa ilipoa. Aliichemsha tena, ikapoa tena. Mwisho alivaa buibui lake, akashuka, akashika njia ya kusini, kupita msikiti, kupita sokoni, mpaka Langoni, ambako nyumba zimebanana na milango yote kwake ilikuwa mamoja. Alitembea kichochoro kimoja, akarudi, akaingia kingine. Kizingitini aliketi mwanamke kijana akichambua mchele, Khairiya jina lake, ambaye mwaka juzi alichukua samaki wawili kwenye birika la Mkomani. Alimtambua, akainuka kwa heshima.

Bi Hadia akamuuliza kwa Bi Esha ni wapi.

Khairiya alimkodolea macho. "Bi Hadia, wewe ndiwe shoga yake. Huyui?"

"Siyui, mwanangu," alisema Bi Hadia. "Nionyesha."