Mkataba Uliofutwa Ukabaki

Nyundo ya kwanza iligonga mlango wa mbele nikiwa naosha vyombo uani. Ya pili ikaung'oa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliingia na wabeba mizigo wanne aliowakusanya Buguruni, akasimama katikati ya nyumba yangu ya Kariakoo akawaambia, "Toeni kila kitu." Wakatoa. Godoro, kabati, masufuria, vyote barabarani. Nilipowazuia, shemeji alinizaba kofi nikajigonga ukutani.

"Shemeji, usinitie dhambini," alisema. "Nyumba umeniuzia mwenyewe. Dole gumba lako hili hapa."

Dole lilikuwa langu kweli. Mimi shule niliishia darasa la pili, sahihi yangu ni kidole. Lakini kidole kile nilikiweka kwenye mkataba wa kumpangishia fremu ya mbele auzie mitumba. Miaka ile soko huria lilipoingia, kila mwenye ukuta unaotazama barabara aliutoboa ukawa duka, na mimi nilitoboa. Mkataba ulikuwa karatasi mbili: ya kwanza maneno, ya pili vidole vyetu na muhuri wa mjumbe. Sasa karatasi ya kwanza ilisema nimeuza.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja, akaisoma mara mbili. "Muhuri ni wangu, bi mkubwa. Ila mimi nakumbuka mlipangishana."

"Kumbuka tu," shemeji akamwambia. "Utakwenda kukumbuka mahakamani na kobazi zako hizo?"

Binti yangu alikuwa mchapaji kwenye steshenari ya mtaa wa pili, ambako mkataba ulichapwa. Akaja mbio, akaikagua ile karatasi. "Hii nayo imetoka kwetu," alisema. "Printa yetu inaacha mstari pembeni. Mjumbe, twende tukaangalie faili kwenye kompyuta." Shemeji akatufuata, anacheka njia nzima.

Faili lilikuwa limeliwa na virusi. Kioo kikajaa vijisanduku na alama za ajabu.

"Soma basi, mwanangu," shemeji alisema. "Au ni Kichina?"

"Subiri, baba mdogo."

Akafungua skrini nyeusi isiyo na picha, akaandika amri ya mstari mmoja. Nikamuuliza anafanya nini.

"Napepeta, mama. Ndani ya faili maneno yamechanganyika na takataka za mashine. Programu hii inazitupa, inabakiza kinachosomeka."

Maneno yakaanza kushuka. Tukaona: nimemuuzia nyumba yangu. Shemeji akapiga meza, "Mmeridhika sasa?" Lakini maneno hayakuwa yamekwisha. Chini yake mjumbe akasoma kwa sauti: nimempangishia fremu moja ya mbele kwa miaka miwili, nyumba inabaki mali yangu.

Pale dukani hakuna aliyeanza na ukurasa mtupu. Kila mchapaji alifungua karatasi ya mteja wa jana, akafuta, akaandika mapya humo humo, akahifadhi. Binti yangu akamweleza mjumbe kwamba mashine ile ikihifadhi haraka haikitupi kilichofutwa, inakificha tu kisionekane. "Mwenzangu aliuchukua mkataba wa mama akaugeuza kuwa wa kuuza. Huyu ndiye aliyemtuma."

Mjumbe akasema, "Ichape."

Printa ilipoanza kukwaruza, shemeji aliruka. Alimpiga binti yangu ngumi ya sikio, binti akaanguka na kiti, shemeji akamkanyaga mgongoni huku anaivuta karatasi. Mezani palikuwa na panchi ya chuma ya kutobolea karatasi. Nilimpiga nayo mdomoni. Akapiga magoti, nikampiga tena. Mjumbe akanishika mkono.

"Inatosha, bi mkubwa. Utaua."

"Niachie mkono."

Hakuniachia mpaka nilipoitupa panchi. Kisha akatoa muhuri wake mfukoni, akaigonga ile karatasi pale pale, ina damu pembeni, akaenda nayo mwenyewe kwa wale wabeba mizigo. Kabla ya alasiri walikuwa wamerudisha kila kitu ndani, kabati limevunjika mguu.

Nyumba ninaikalia mpaka leo. Sikio la kushoto la binti yangu halikusikia tena. Watu huniuliza kama ninajuta kumng'oa shemeji meno. Ninajuta kwamba nilisubiri apige yeye kwanza.