Mstari wa Alasiri

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi nyumbani saa nne asubuhi, mkoba mgongoni na uso umejaa furaha, kwa sababu serikali ilitangaza mvua kubwa na shule zikaambiwa ziwarudishe watoto mapema. Mvua yenyewe ilinyunya kidogo, ikakoma. Jioni baba yake akawa ananung'unika. Alisema watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai, kwamba yeye alikwenda shule kwenye mvua na hakuyeyuka kwani si sukari, kwamba siku nzima ya masomo imepotea bure. Nilimwacha amalize chai yake. Kisha nikamwambia kwamba akilisema tena neno hilo nyumbani kwangu, atafute pengine pa kunywea chai. Alishtuka, maana ni mkwe wangu na tunaheshimiana.

Sikumweleza sababu. Hata binti yangu sijamweleza.

Miaka miwili hivi kabla ya uhuru nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja huku Likoni. Nilikuwa na miaka ishirini na sina cheti, lakini nilikuwa binti wa kwanza wa mtaa wetu wa Timbwani kushika chaki, na hilo lilinipanda kichwani. Asubuhi nikipita na buibui langu, rula kwapani, watu waliniita "mwalimu" na mimi niliitikia kwa maringo yasiyo na haya. Leo nikimkumbuka yule msichana natamani kumzaba kofi.

Darasani nilikuwa na watoto wa aina mbili. Walikuwapo wa kwetu, watoto wa wenye maduka na makarani, ambao mama zao walikuwa shangazi zangu au mashoga wa mama yangu. Na walikuwapo wale waliotoka ng'ambo ya bonde, nyuma ya Bofu, watoto wa watu waliohama vijiji vya ndani kuja kutafuta vibarua. Hawa walitembea saa nzima kuja na saa nzima kurudi. Mchana wenzao walipokwenda kula nyumbani, wao walibaki nyuma ya darasa na muhogo wao wa kuchemsha. Katikati ya njia yao kulikuwa na kijito ambacho miezi mingi ya mwaka kilikuwa mchanga mtupu. Masika yakija kilijaa kwa muda mfupi, kikapwa.

Shule yetu iliabudu rejista. Majina yaliitwa mara mbili kwa siku, asubuhi na saa nane mchana, na kila mtoto alikuwa na kisanduku chake cha siku. Asubuhi unampigia mstari mmoja, alasiri unampigia wa pili, na mistari miwili ikikutana siku yake imetimia. Mwenye mstari mmoja alihesabiwa nusu siku. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mpole nje ya shule, mwenye kucheka na watu, lakini mwaka uliotangulia mkaguzi alimfokea mbele yetu sote kwa sababu nusu siku zilikuwa nyingi mno. Alimwambia kwamba shule isiyo na watoto alasiri haihitaji walimu alasiri. Tangu siku hiyo aliiogopa rejista kuliko alivyomwogopa Mungu, nasi tukaiogopa pamoja naye.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa Alhamisi, katikati ya masika. Asubuhi palikucha jua kali, joto la kunata, hakuna hata jani linalotikisika. Kufika saa tano wingu lilikuwa limesimama upande wa kusini, jeusi. Saa sita u nusu akaja karani mmoja wa bandarini ambaye watoto wake wawili walikuwa kwetu. Alikuwa amevuka na feri kutoka kisiwani mbio mbio, fulana imemganda mwilini kwa jasho. Alisimama mlangoni kwa mwalimu mkuu, na mimi nilikuwa ndani nikipokea chaki.

"Nipeni wanangu niende nao," alisema. "Ofisini kumepigwa simu tangu asubuhi. Yaja mvua na upepo si wa kawaida. Skuli za Wazungu kisiwani zimefungwa tangu saa nne. Nyinyi mwangoja nini?"

"Sisi hatuna simu, bwana," alijibu mwalimu mkuu. "Na siwezi kufunga skuli kwa maneno ya mdomoni. Barua iko wapi?"

"Barua ya nini, mwalimu, na wingu hulioni?"

"Wingu halina muhuri."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, nikaona mkubwa wangu mjuzi wa maneno. Barua ilikuja, tena ina muhuri mzuri wa rangi ya zambarau. Ilifika Jumatatu, ikituagiza tuwarudishe watoto mapema siku ya Alhamisi iliyopita.

Hata hivyo karani hakuwa mtu wa kurudishwa mikono mitupu, na mwalimu mkuu alilijua hilo. Wakapatana papo hapo. Mtoto atakayefuatwa na mzazi wake atatolewa kwa mkono wa mzazi, na wengine watangoja majina ya saa nane. Kisha akanigeukia akaniambia kwa sauti ya chini, "Hao watakaotolewa, wapigie mstari wa alasiri kabisa. Tusijiharibie."

Nikawapigia. Habari zilienea mtaani kama harufu ya pilau, na kabla ya saa saba mama wa Timbwani walikuwa wamejaa ukumbini na mabuibui yao, wengine na miavuli. "Mwanangu, nipe huyu wangu," waliniambia, na mimi nikawaamkia, "Shikamoo shangazi, shikamoo bibi," nikiwatolea watoto mmoja mmoja na kuwapigia mistari ya saa nane ilhali saa nane haijafika. Wino haukuona aibu. Nilijiona mtu muhimu sana siku ile, mwenye kufungua mlango na kufunga.

Waliobaki walikuwa wale wa ng'ambo ya bonde. Nani angewafuata? Baba zao walikuwa wakibeba magunia bandarini, mama zao walikuwa kwenye vibarua na majikoni mwa watu. Kwa kanuni yetu ile, watoto waliokaa hatua mia kutoka shuleni walikwenda nyumbani mapema, na watoto wenye kijito cha kuvuka walibaki. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeliona hilo, na sote tulikuwa tukifundisha hesabu.

Saa saba ilikuwa imepita kidogo wakati mtoto mmoja aliponijia mezani. Alikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, mkubwa kidogo kwa darasa lake kwa sababu alichelewa kuanza. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, ambaye kila Ijumaa alichukua kitambaa cha kufutia ubao akaenda kukifua bila kuambiwa. Alisimama na mikono nyuma kama tulivyowafunza.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Nani amekuja kukuchukua?"

"Hakuna, mwalimu. Mama yuko kazini kisiwani. Ameniambia asubuhi, wingu likifunga niombe ruhusa nivuke kabla ya maji. Na mdogo wangu yuko kwa jirani, ni mimi wa kumchukua."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Rejista ilikuwa wazi mbele yangu, jina lake lilikuwa la nne kutoka chini, na hapo juu yake palikuwa na majina kumi na saba niliyokwisha kuyapigia uongo. Kumpigia na yeye kungenichukua muda wa kupepesa jicho. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikumpigia, na jibu ni lile lile kila nikijiuliza, wala si zuri. Mama za wale wengine, kama ningewanyima watoto wao, wangekuja nyumbani kwetu kunisuta. Huyu mama yake hangekuja kunisuta. Asingethubutu hata kubisha hodi.

"Utakwenda majina yakishaitwa," nikamwambia. "Rudi ukakae."

"Naam, mwalimu," akasema, akarudi akakaa.

Saa nane niliita majina. Waliitikia watoto kumi na mmoja katika darasa tupu, na sauti zao sikuzisikia vizuri kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza kuyapiga mabati. Nikampigia mstari wake. Dakika chache baadaye mwalimu mkuu alipita kila darasa, akasema kwa kuwa majina yameitwa na hali ni mbaya, watoto waruhusiwe. Alisema kama mtu anayetoa sadaka. Watoto wakajifunika magunia na majani ya mgomba, wakatoka mbio. Mimi nikangoja mpaka mdogo wangu wa kiume akaniletea mwavuli.

Wa njia yake walikuwa sita, wakatembea pamoja. Walipofika kijitoni watano waliona maji wakarudi nyuma, wakalala kwa watu wa Bofu. Yeye alikuwa na mtoto wa kuchukua kwa jirani. Walimwita, akasema maji hayajamfika kiunoni. Alipatikana kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, kule kijito kinakoingilia kwenye mikoko.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Alitaka kuhakikisha kwamba mtoto hakuwa ametoroka wakati wa masomo, akaiomba rejista yangu, akaipekua. Aliona mistari miwili. Aliona darasa zima limehudhuria alasiri katika siku ya tufani, akasema ni mara chache kuona kazi safi namna hii. Mwaka uliofuata nilipelekwa kusomea ualimu, na sina shaka kwamba ukurasa ule ulisaidia. Nimekula mshahara wa ualimu miaka thelathini na minne.

Lakini mkaguzi alikuwa mgeni, alikuja akaenda zake. Linaloninyima raha ni siku ya maziko. Tulikwenda mimi na mwalimu mkuu kutoa pole, tukapita kijitoni kwa miguu mikavu, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, ndogo, na mkeka ulitandikwa nje kwa ajili yetu. Mama mtu alitupokea kwa heshima iliyonichoma. Alikuwa akifua nguo kwa Mzungu mmoja kisiwani. Alitueleza kwamba ile Alhamisi, saa nne na nusu, watoto wa yule Mzungu waliletwa na gari, yeye mwenyewe akawavua viatu, akawachemshia maziwa.

"Nilipoona wale wamerudi nikafurahi," alisema. "Nikajua skuli zimefungwa, na wangu yuko nyumbani. Sikuwa na wasiwasi siku nzima."

Mwalimu mkuu alikohoa. Mimi nilitazama mkeka.

Kisha mama yule akanigeukia mimi, si mwalimu mkuu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi, lakini aliniita mwalimu.

"Mwalimu, nataka unitoe jambo moja moyoni. Asubuhi ile nilimwambia, wingu likifunga uombe ruhusa, uvuke mapema. Hakuomba?"

Mwalimu mkuu hakujua kitu. Wale watoto watano hawakuwapo. Wingu la Alhamisi lilikuwa limekwisha, jua linawaka, watu wote wa pale wamenitazama wakingoja neno langu, binti wa Timbwani, mwalimu.

"Hakuomba," nikasema.

Mzee mmoja wa ukoo wao akatikisa kichwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema kwa huzuni, na wenzake wakaitikia kwamba ndivyo, watoto hawasikii. Mama yake hakulia. Akageukia upande wa kaburi, ambalo lilikuwa karibu tu pale nyuma ya jiko, akaanza kumgombeza mwanawe kwa sauti ya chini, kama unavyomgombeza mtoto aliyetumwa kisimani akachelewa: nilikwambia, si nilikwambia, mbona hukunisikia? Na mimi nimekaa pale pale mkekani, nimepewa uji, naunywa.