Sikio la Kalama

Mume wangu Kalama hufunga muziki kwenye magari pale Ukunda. Wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya hazitazami. Yeye huchagua kwa sikio, na sikio hilo ndilo limetulisha miaka saba.

Juzi Elkanah, dereva wa hoteli, alileta gari lenye spika nne na wufa moja kubwa ya besi, akataka amplifaya ya kuzitosha zote. Kalama akaunga amplifaya ndogo, akatia kaseti ya chakacha, akaongeza sauti.

"Hii yakutosha. Safi kabisa."

Mimi nilikuwa nyuma yao, nikimnyonyesha Mbodze. Spika zilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Buda, imezidiwa hiyo!" Elkanah akacheka. "Unataka kuniunguzia spika? Kwani husikii?"

Kalama aliweka kiganja juu ya spika, kisha akazima muziki na kuanza kufungua nyaya. Elkanah akaenda kwa fundi mwingine.

"Mama Mbodze, wewe ulisikia?"

Nilitamani kumdanganya. "Nilisikia. Tangu lini husikii vizuri, Baba Mbodze?"

"Tangu mwaka jana," akasema. "Nilidhani ni redio za siku hizi."